Kuuza Tuliruhusu, Kufunga Hatukuruhusu

Jumatano, Malaba. Mvua ya mchana imeacha matope na malori hayasogei. Nina hasira, lakini hasira isiyonizuia kuandika sawasawa.

Mimi na Nabwire, mwalimu wa kompyuta hapa mjini, tulitengeneza programu ndogo ya simu inayowaambia madereva foleni ya kuingia Uganda imefika wapi. Yeye aliandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha. Mimi, kwa kuwa kazi ya habari hunipeleka barabarani kila asubuhi, nilikusanya majina ya vituo vya njiani na kuvieleza. Hapa hakuna anayepima foleni kwa kilomita. Dereva husema, "Imefika kwa fundi wa matairi," au, "Imepita kanisani." Majina hayo ndiyo programu yenyewe.

Tuliitoa chini ya leseni huria. Yeyote aitumie, aibadilishe, hata aiuze. Lakini akimpa au kumuuzia mtu mwingine, ampe na msimbo kwa masharti yaleyale, na majina yetu yabaki.

Sasa kampuni moja ya Nairobi inawauzia wenye malori programu ya foleni. Hassan, wakala wa forodha wa Busia mjini, alinunua. Akataka kuongeza foleni ya Busia, maana mizigo yake mingi hupita huko. Akaomba msimbo. Akajibiwa kwamba hiyo ni siri ya kampuni. Akaniletea simu nione mwenyewe.

Niliifungua. Foleni ilikuwa imefika "kwa Mama Asha."

Mama Asha alihamishia kibanda chake cha chai Matayos zamani. Pale alipokuwa sasa pana duka la vipuri. Ni madereva tu, na sisi tunaowasikiliza, tunaoendelea kupaita kwa jina lake. Mtaalamu wa Nairobi asingeota jina hilo. Majina yetu sisi hayakuwepo popote.

Dereva mmoja alichungulia begani kwangu, akacheka. "Mzee, hata Mama Asha wamemuuza? Mwenyewe anajua?"

Mjini watu wanasema kosa ni kuuza. Hapana. Kuuza tuliruhusu, na sijuti. Hassan angeuziwa na kupewa msimbo, nisingekuwa na neno. Kosa ni kuchukua kitu kilichoachwa wazi, kukitia kufuli, kisha kufuta waliokitengeneza. Katika kazi yangu, anayechukua habari ya mwenzake bila kumtaja tuna jina la kumwita.

Leo Kelvin, meneja wa kampuni hiyo, alikuja chumbani kwa Nabwire. Hakukana chochote. Alitaka tutie sahihi ruhusa nyingine: kampuni iweze kufunga msimbo, na sisi tuache kabisa kuitunza programu yetu.

"Boss, kwani si mliitoa bure?" akaniuliza.

Nabwire ndiye aliyejibu. "Bure, na masharti."

"Masharti nani anasoma?"

"Wewe. Ndiyo maana umekuja na karatasi."

Kisheria, anachoomba kinawezekana. Sisi wenye haki tunaweza kumpa mtu leseni tofauti na ile ya wote. Na malipo aliyotaja si ya kudharau, sitajifanya sikuyafikiria. Nabwire huirekebisha programu hiyo baada ya kufundisha, amechoka, na hakuna anayemlipa.

Kelvin alituambia nakala za zamani zitabaki wazi, kwa hiyo hakuna atakayepoteza. Ni kweli nusu. Barabara hii inabadilika kila wiki. Kibanda kinabomolewa, lori linapinduka, polisi wanahamisha kizuizi. Programu isiyotunzwa itampotosha dereva ndani ya mwezi, naye atalazimika kwenda kwa Kelvin. Hicho ndicho anachonunua.

Nabwire alikataa kabla sijafungua mdomo. Nikakataa baada yake.

"Mtanishtaki?" Kelvin akauliza, akitabasamu. "Mna wakili?"

Hatuna. Tuna leseni, na mimi nina mahali pa kuandika. Kwa hiyo naandika, bila kupunguza wala kuongeza: aliyenunua programu hiyo ana haki ya kudai msimbo wake. Akinyimwa, aseme kwamba amenyimwa, kwa sauti, mbele ya wanunuzi wenzake. Hassan ameshaanza.

Nilimpa Kelvin njia mbili. Ampe Hassan msimbo na arudishe majina yetu, halafu aendelee kuuza kwa amani. Au aondoe kila kilicho chetu na aanze upya.

Hatutii sahihi.

Amesema atarudi kesho, tukiwa tumetulia. Tumetulia tangu leo. Akichagua njia ya pili, barabara haijafungwa: ashuke garini, aifuate foleni kwa miguu hadi mwisho, na amuulize kila dereva pale aliposimama panaitwaje.