Mahakama Imesema Nyumba ya Baba Iuzwe, Mimi Nikaleta Masharti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma. Mimi ni mzee mstaafu, kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za majengo, na nimeishi ugenini tangu nilipokimbia machafuko ya kwetu nikiwa kijana, muda mrefu kiasi kwamba siku hizi hata nikiota, watu wa ndotoni wana lafudhi ya huku. Baba alipofariki alituachia nyumba sisi watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye ni dalali wa magari, na kitindamimba wetu, mshonaji, ambaye ndiye anayeishi humo na cherehani zake zimejaa sebuleni. Dalali alitaka chake mkononi, nyumba nayo haikatwi vipande kama mkate, akaenda mahakamani, na hakimu akaamuru iuzwe kwa mnada tugawane, ila akatupa nafasi: mmoja wetu akiweza kuwanunua wenzake kabla ya siku ya mnada, ruksa.

Mshonaji akapata mkopo wa kumlipa dalali, akaniomba mimi nimvumilie, sehemu yangu anilipe polepole, na mimi, mshauri, wala sikukataa, nilichofanya ni kuichora tu nyumba yetu kutoka kichwani, kila mlango na kila dirisha, hadi ngazi ya nyuma yenye kidato kilichomeguka, kwa vipimo, nikamtumia na sharti kwamba nitatia sahihi makubaliano hayo akiahidi kutobadilisha kitu.

Alinipigia simu palepale.

"Kaka, hii nyumba ya nani?"

"Yetu."

"Mlango huo wa jikoni niliuziba zamani, mvua ilikuwa inaingia mpaka kwenye sufuria. Chumba chako ndimo wateja wanamojaribia nguo. Na hiyo ngazi, Baba mwenyewe aliibomoa!"

"Hukuniambia."

"Uliuliza? Wewe ukipiga simu ni kusimulia ya zamani tu. Sasa unataka nirudishe mvua jikoni ndiyo utie sahihi?"

Akakata, na tangu hapo hapokei simu yangu, na mnada ni wiki ijayo. Dalali naye kaniandikia, "Safi sana kaka, kaza hapohapo, mnadani tutavuna zaidi," na kusifiwa na yeye ndiko kulikonitia hofu kuliko yote. Nikilegeza, nyumba niliyoijua imekwisha. Nikikaza, mdogo wangu atatolewa nje na cherehani zake. Nifanye nini?

Mchoraji wa Ugenini

Shikamoo, mzee wangu. Nimecheka kama ulivyoniagiza. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Nakuonea huruma, tena sana. Uliondoka mbiombio bila kuiaga nyumba, na moyo wako umebaki humo ukipima kuta. Lakini hiyo uliyoichora hakimu hawezi kuiuza, maana haipo, na aliyeanza kuibomoa ni baba yenu. Iliyopo ina mdogo wako ndani, anashona, anakula jasho lake. Hiyo ndiyo inayokwenda mnadani, na akiinunua mgeni ataivunja hadi msingi bila kukuomba ruhusa. Mtu mzima na akili zako, unamfanyia dalali kazi bure, naye anakupigia makofi!

Kesho asubuhi nenda kwa wakili. Andikeni kwamba sehemu yako italipwa kidogo kidogo, mtaje kiasi na muda, msione haya kwa kuwa ni ndugu. Sharti liwe la malipo tu, la kuta hapana. Hakikisha wakili anaifikisha karatasi hiyo mahakamani kabla ya mnada. Nyundo ikishagonga, sahihi yako haitamsaidia mtu. Mchoro wako hifadhi, ni kumbukumbu nzuri, ila usiuambatanishe na chochote.

Na mdogo wako usimngojee apoe. Kama simu hapokei, mtumie ujumbe wa sauti, akusikie. Mwombe radhi, mwambie, "Nakubali." Ukishalitamka hilo, nakusihi mzee wangu, usiongeze "lakini".