Mlinzi wa Mlango Wangu

Jumatano, 2 Oktoba 1996

Nimekwenda kuangalia ghala kama kila asubuhi. Ghala ni langu, lakini naliangalia kwa nje. Jilala alikuwa amekaa mlangoni, upinde na mishale pembeni. "Mwangaluka baba." Nikaitikia salamu yake ya Kisukuma. Heshima anayo, siwezi kumsingizia. Ufunguo pia anao, na hanipi.

Niandike mambo haya sawasawa, kichwa kimechoka kuyabeba. Mwezi wa sita niliwapangisha watu wa kampuni kutoka Mwanza waliokuja kununua pamba. Siku hizi ushirika hauko peke yake, kila mwenye lori ni mnunuzi. Mwezi wa nane meneja wao akapanda lori, akasema wiki ijayo yuko hapa. Hajaonekana. Ameacha pamba ndani, kufuli lake mlangoni, na Jilala, mlinzi waliyemchukua kule Bukundi, Meatu.

Kila barua niliyoandika Mwanza imerudi. Sanduku la posta si lao tena.

Jumamosi, 5 Oktoba

Shija amekuja. Ananunua mpunga, anataka kupanga ghala msimu mzima. Mtu makini, ana karatasi zake zote. Amenipa mpaka tarehe ishirini. Baada ya hapo anatafuta kwingine.

Ghala hili ndilo kiinua mgongo changu. Niliwatunzia ushirika maghala yao miaka kumi na tisa. Walipopunguza watu nilipewa barua ya aya moja na fedha za mkono wa kwaheri. Nikanunua kiwanja huku Somanda, nikajenga kuta nne na bati. Sina shamba la maana, sina ng'ombe. Nina hizo kuta.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeongea na Jilala kwa upole. Nimemwambia kampuni imekufa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi niliwekwa hapa na bosi. Niliweka dole kwenye karatasi. Nikifungua bila yeye, kazi imekwisha na mimi ni mwizi. Nikiondoka, nimetoroka kazini."

"Bosi hayupo, Jilala."

"Hajaniambia kazi imekwisha."

Na ni kweli, hajaambiwa. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mahakamani. Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba. Hakimu amenisikiliza dakika chache. Pamba si yako. Ukivunja kufuli na ikapungua, wewe ndiye wa kujibu. Mwenye ufunguo akifungua mwenyewe mbele ya mtendaji wa kata, mkaandika kilichomo, hapo hakuna kosa.

Na asipofungua?

Fungua shauri dhidi ya kampuni.

Ipo wapi hiyo kampuni?

Hakimu akaita faili jingine.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mawingu makubwa upande wa Maswa. Bati moja la nyuma linavuja, nalijua tangu mwaka jana. Nilitaka kulitengeneza ghala likiwa tupu. Pamba ikilowa inapata moto kwa ndani yenyewe, nimeshaona ghala la ushirika likifuka moshi siku tatu.

Nimemwomba Jilala aniache nipande juu ya paa tu. Amekataa. Amesema paa ni sehemu ya ghala.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimefanya jambo baya. Nimemwambia mke wangu, Esta, asipeleke tena chakula kwa Jilala.

Hatukuwahi kukubaliana kwamba tutamlisha. Kampuni ilipopotea aliishiwa, tukaona haiwezekani mtu ashinde na njaa ukutani kwetu wakati sisi tunakula. Ikawa kawaida. Ugali mchana, ugali jioni. Nikampa tochi yangu. Nikampa koti langu la mvua la ushirika. Siku moja nikamwambia afyeke nyasi pembeni, akafyeka.

Leo nimesema basi. Njaa itamwondoa. Esta ameniangalia, akaingia jikoni.

Alhamisi, 17 Oktoba

Njaa haijamwondoa. Nimegundua Esta anapitisha bakuli kwa nyumba ya jirani. Nimeshukuru moyoni, usoni nimekasirika. Mvua ya kwanza imepiga kidogo.

Jumamosi, 19 Oktoba



Nimekwenda na fundi mwenye msumeno wa chuma. Nilijiambia, kesho ni tarehe ishirini, liwalo na liwe. Fundi akashika kufuli. Jilala akasimama, akaweka mshale kwenye uzi wa upinde, akarudi nyuma hatua tatu. Hakupiga kelele. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Baba, usinifanye niue mtu. Nakuomba."

Fundi alikimbia, msumeno akauacha. Watu wakajaa. Mimi nilibaki nimesimama. Nilijikojolea kidogo. Naandika hapa maana sitamwambia mtu yeyote.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Mlango wangu mwenyewe. Ningekufa nikiiba mlango wangu mwenyewe.

Jumatatu, 21 Oktoba

Shija amepata ghala karibu na stendi. Alikuja kuniaga, hakuna ubaya. Nimemwelewa. Nimelala mchana kutwa kama mgonjwa.

Polisi nao wamekuja. Wamesema hili ni la mwajiri na mfanyakazi, twende kwa afisa kazi. Jilala hawakumkamata. Wamemwambia mishale aiweke ndani ya podo, akaiweka.

Alhamisi, 24 Oktoba

Afisa kazi anakuja kutoka mkoani wiki ijayo. Mvua usiku na mchana. Nimezunguka ghala, nimeweka kiganja ukutani kutafuta joto. Jilala akanifuata, naye akaweka kiganja chake. Tukazunguka hivyo, mimi mbele, yeye nyuma. Ameshika upande wa bati linalovuja, akasema, "Hapa bado baridi, baba." Naye anaogopa. Sikuwa nimefikiria kwamba naye anaogopa.

Jumanne, 29 Oktoba

Afisa kazi ni mama wa makamo, viatu vimejaa tope, daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Alikaa kwenye gogo nje ya ghala na kutuuliza mmoja mmoja, mtendaji wa kata akishuhudia. Nilijua anakuja kumwondoa Jilala. Nilivaa shati la Jumapili.

Alianza na yeye. Tangu kampuni iondoke unakula wapi? Kwa mzee. Tochi ya nani? Ya mzee. Koti? La mzee. Nyasi hizi nani alikwambia ufyeke? Mzee.

Kisha akanigeukia mimi. "Mzee wangu, huyu unamlisha, unampa vifaa, unampa kazi, naye analinda mali yako. Akienda kwenye baraza la usuluhishi wa kazi kesho, watamuuliza mwajiri wako nani. Unafikiri atamtaja nani?"

Nikasema mimi nilimwonea huruma tu.

"Najua. Lakini hana anayemtambua zaidi yako."

Nilihisi kama mtu ameingia nyumbani kwangu akafunga mlango kwa ndani. Mimi sikuajiri mtu. Mimi ndiye niliyepunguzwa! Nikayasema hayo kwa sauti, mtendaji akatazama chini.

Mama akanieleza njia mbili. Ya kwanza, nikatae. Shauri liende barazani, kampuni itafutwe, huenda mwaka ukaisha, mlango umefungwa. Ya pili, nikubali kwa maandishi kwamba Jilala ni mfanyakazi wangu tangu meneja alipoondoka. Hapo ufunguo uko kwa mfanyakazi wangu, naye anafungua kwa agizo langu mbele ya mtendaji, kama hakimu alivyosema. Lakini nisidhani nitamwandika leo na kumfukuza kesho. "Ukimwondoa bila sababu na bila utaratibu, nitavaa viatu hivi tena."

Nimeomba siku moja.

Jumatano, 30 Oktoba

Sikutaka ushauri, Esta akanipa. Amesema, "Wewe walikupa barua. Yeye hata barua hajapewa."

Nimekaa mezani na karatasi. Nimeandika barua ya ajira mara nne. Kwa miaka yote ya ushirika niliona barua za namna hii zikipita, sikujua ni nzito kuandika. Jina lake kamili ilibidi nikamuulize. Miezi yote hii sikuwa nikilijua.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimemsomea barua mbele ya mama na mtendaji. Kiswahili kwanza, kisha Kisukuma, taratibu. Ameuliza swali moja: yule bosi wa zamani akija? Mama akajibu kwamba akija ataonyeshwa barua, na atakutana na ofisi ya kazi.

Jilala akaweka dole. Akafuta wino kwenye suruali. Akasimama wima, akanitazama.

"Niagize, baba."

"Fungua."

Alifungua. Hivyo tu. Wiki zote hizi, neno moja.

Harufu ilitoka kama ya mbwa aliyelowa. Chini ya bati bovu rundo limeoza, na katikati mkono hauvumilii joto. Tumelitawanya mpaka jioni, mimi, yeye, mtendaji ameshika kalamu. Iliyo nzima imeandikwa na kupelekwa kiwanda cha pamba kwa amri ya hakimu aliyokuja nayo mtendaji, imsubiri mwenyewe. Siku mbili zaidi na tungekuwa tunazima moto.

Sikufurahi. Nilichoka tu.

Ijumaa, 1 Novemba

Asubuhi Jilala amekuja nyumbani, mara ya kwanza kuvuka kizingiti chetu. Hakukaa. Amevua kofia.

"Baba, mfanyakazi ana likizo?"

Nikasema anayo.

Mke wake alijifungua mwezi wa tisa. Alipata habari kwa mtu wa mnadani. Hajamwona mtoto. Hakuomba ruhusa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwomba.

Nimemwandikia ruhusa ya siku sita, nikapiga sahihi, ingawa hakuna atakayeiangalia njiani. Aliikunja vizuri sana.

Jumapili, 3 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimebadilisha bati la nyuma peke yangu, polepole, magoti yanauma. Kisha nimefagia ndani. Pana ukubwa ambao nilikuwa nimeusahau.

Utingo wa basi la Meatu amepita na salamu. Jilala amefika. Mtoto ni wa kike, ana afya. Alhamisi anarudi kazini.

Ghala halina mpangaji. Msimu wa mpunga umenipita. Nina mfanyakazi mmoja, na sina kazi ya kumpa.

Itabidi niitafute kabla ya Alhamisi.