Telegramu Ambayo Haikupigwa

Rusimbi, Kigoma, 4 Agosti 2024

Kaka Castory,

Shikamoo. Hatujambo, ila magoti yananisumbua, na ziwa bado limefungwa kwa uvuvi, dagaa tunawaota tu.

Kaburi la mama tumelijengea saruji. Tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu, padri atalibariki. Njoo, wewe ndiye mkubwa wetu. Yale ya zamani yaishe, tumezeeka.

Mdogo wako,
Rozalia

Morogoro, 19 Agosti 2024

Mdogo wangu Rozalia,

Marahaba. Pole kwa magoti. Mimi ni macho, ukurasa mmoja nausoma asubuhi nzima.

Yale ya zamani yana jina. Mwaka 1991 mama alipofariki, hukunipigia telegramu. Ukawaambia waombolezaji umepiga, nami nimekataa kuja. Udongo wa kwanza, ambao kwetu ni wa mtoto wa kwanza, akautupa binamu yetu Feliksi. Tangu hapo Rusimbi nzima inanijua kama mwana aliyesusa maziko ya mama yake. Simama mbele ya jumuiya yenu useme ulidanganya, nami nitakuja. Usiposema, saruji yenu ikauke bila mimi.

Kaka yako,
Castory

Rusimbi, 30 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo, ingawa umenijibu kama hakimu.

Nilidanganya, ndiyo. Miaka saba nilimwosha mama na kumgeuza kitandani peke yangu. Wewe ulituma vitabu! Mama hakujua kusoma. Sikutaka uje siku moja tu, ulie mbele ya watu, uitwe mwana mwema.

Mbele ya jumuiya sisemi. Mwenyekiti ni Honorata, asiyejua kufunga mdomo. Sokoni nitapita wapi?

Mdogo wako,
Rozalia

Morogoro, 13 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakaa kimya mbele ya Mungu. Katekista wetu Pastory alinielekeza: alfajiri, kigoda, pumzi, na jina la Yesu, basi. Siku ya kwanza nilikaa dakika ishirini. Kumi na tisa nilikutukana wewe. Siku ya tisa niliiona mikono yako ikimgeuza mama. Nikalia.

Sasa nisikilize vizuri. Kutokuja miaka saba ni kosa langu, nisamehe. Uongo ni wako. Sibadilishani moja kwa jingine, wala sitasema uongo wako haukuwa kosa, hata padri akinisihi. Nimekusamehe ukiwa bado ni kosa. Sharti nimeliondoa. Nitakuja, Rusimbi waniite watakavyo.

Kaka yako,
Castory

Rusimbi, 14 Septemba 2024

Kaka,

Mwakeye, kama tunavyoamkiana huku nyumbani. Jibu lako sijalipata, na silisubiri.

Leo jumuiya ilisali kwangu. Tulipofika kwenye maombi nikasimama, nikasema yote, hata ya vitabu. Honorata akaniuliza, "Mama Wema, umelewa?"

Nikamwambia, "Sijalewa, nimechoka."

Feliksi akatoka nje, viatu mkononi.

Usidhani umeniamuru. Kila nikishika rozari nilikuwa nakuona wewe, nikapoteza hesabu ya Salamu Maria. Sasa uje au usije, nimeshasema.

Mdogo wako,
Rozalia

Morogoro, 25 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba ya siku zote. Barua zetu zimepishana njiani; tazama tarehe. Basi hakuna aliyemlazimisha mwenzake.

Nitashuka stesheni ya Kigoma tarehe 31 Oktoba. Usiniletee jumuiya wala nyimbo. Njoo peke yako. Nataka tugombane kwanza, ndipo tukumbatiane.

Kaka yako,
Castory