Deraya ya Kaluki

Makongeni, Thika

Katunge mke wangu,

Mimi ni mzima, ila mgongo. Deraya ya Kaluki ya mchezo wa kanisa nimeikata kutoka kwenye mtungi wa plastiki wa lita ishirini, nikaikunja kwa maji moto na kutia kamba. Jana nilimvisha Wamboi, binti ya jirani, naye pia ana miaka tisa. Ilikataa kumfunga kifua.

“Baba Kaluki, hii ni ya mtoto wa nasari,” mama yake akacheka.

Nimechanganyikiwa. Nilipima kwa mikono yangu, vile nilivyombeba Kaluki siku ya kuja huku kiwandani. Kwani amekua hivyo? Mpime kifua kwa uzi, uukate, uutie kwenye bahasha. Usiniandikie sentimita. Nataka niuzungushie mikono, nimjue.

Wako,
Ndambuki