Pumzi Nilizokuzidishia

Guyo rafiki yangu,

Mungu akurehemu. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha iliyotukutanisha shuleni, wewe Mborana wa Wajir na mimi Msomali wa Garissa.

Mama yako alifika hapa hospitalini Ijumaa na msafara wa magari ya jeshi. Alinishika mikono, akanishukuru kwa kukuuguza. Nikazipokea shukrani zake bila kumwambia ukweli. Ndiyo maana naandika.

Unaikumbuka ile mashine, ugonjwa ulipokupooza kifua. Ilikusukumia pumzi kupitia bomba la kooni. Daktari alinionyesha mimi, muuguzi wako, kifundo cha kuzungusha ili kupunguza nguvu yake, akaniambia, "Kila siku punguza kidogo, misuli yake ijifunze kazi tena. Akichoka kweli, mrudishie. Lakini usimfanyie yote, kifua kitazembea."

Nilipunguza. Pua yako ikatanuka, mishipa ya shingo ikasimama. Sauti hukuwa nayo, ni midomo tu: "Abdi, nisaidie." Sikujua kama umechoka kweli au unaogopa. Daktari alipokwenda kwa majeruhi wa bomu la kutegwa barabarani, nikakirudisha kifundo. Uso wako ukatulia. Kwenye faili nikaandika kwamba nimepunguza. Nikafanya hivyo siku sita, Guyo. Siku sita.

Siku ya saba daktari aliyaamini maandishi yangu, akakutoa kwenye mashine. Kifua kilipanda mara chache, kikashindwa. Tulikurudisha, lakini ukashikwa na homa ya mapafu. Hukumaliza wiki.

Nimemwambia daktari. Akasema, "Huenda angekufa hata hivyo. Huenda." Lile neno la mwisho halinitoki masikioni.

Sasa tunaye kwenye mashine mama mmoja wa kijiji cha Diff, aliumwa na nyoka, sumu ikampooza kifua. Nilipompunguzia alihangaika kama wewe, na mkono wangu ukaenda kwenye kifundo. Nikauzuia. Nikakaa naye, nikahesabu pumzi zake, nikatazama rangi ya kucha zake. Tangu Jumanne anapumua mwenyewe. Nilifurahi, halafu nikaona haya kufurahi.

Mama yako anasubiri msafara wa kurudi Wajir. Kesho asubuhi, kabla hajapanda gari, nitamweleza yote, na uongo wa kwenye faili pia. Sitajitetea. Wala sitamwomba msamaha kabla hajamaliza kulia.

Kwaheri, Guyo. Nilikuonea huruma, nikakosea.

Abdi