Kihamba Nilichowaahidi Watu Wawili

Ladywood, Birmingham

Mdogo wangu mpendwa Apaikunda,

Kabla hujauliza, bado napumua, ingawa kwa kazi. Nawe je, goti limepoa? Ng'ombe amezaa salama? Mwanangu Marita huvaa sare yake ya uuguzi alfajiri na kuniacha huku ghorofani na chupa ya chai, akiniamuru nisitoke kitandani. Daktari amemwambia moyo wangu umechoka. Machame sitaiona tena. Lakini usilie bado, maana nina habari iliyonifurahisha kama mtoto anayesubiri Krismasi.

Nimeingia ndani ya ngome. Miaka yote niliyofundisha historia, nikichora ubaoni mfalme juu, makabaila chini yake na wakulima chini kabisa, sikuwahi kugusa hata jiwe moja la mambo niliyoyasema. Jumamosi jirani yetu Harbans, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru na sasa anaendesha basi hapa, alinipakia kwenye gari lake. Nilipoona handaki na kuta nene kuliko upana wa chumba changu, nilisahau mkongojo. Harbans alinifuata akinung'unika, "Mwalimu, pole pole. Wewe nakufa hapa, Marita naua mimi."

Mwongozaji alitueleza kwamba bwana mmoja wa ngome ile alipozeeka, mdogo wake na mwanawe wote waliitaka. Akamwahidi kila mmoja kwa siri kuwa ni yake. Basi wote wawili walimletea askari na nyama, wakapiga magoti na kuweka mikono yao ndani ya mikono yake. Alipokufa walipigana, na waliochomewa nyumba ni wakulima wa chini ya ukuta.

Harbans akacheka. "Huyu mzee fundi ya fitina kabisa. Kwenu Kilimanjaro iko namna hii?"

"Machifu wetu, wamangi, waliondolewa," nikamjibu. "Mimi mwenyewe nilishangilia."

"Sasa shamba ya baba yako, ile kihamba, nani nashika?"

Nikaketi juu ya jiwe.

Nakuungamia wewe kabla ya mchungaji. Mdogo wetu Yona na mwanangu Gideoni hawagombanii kihamba cha baba kwa tamaa yao tu. Nilimwandikia Yona kwamba ni chake, nikamwandikia Gideoni kwamba ni chake, na kila mmoja nikamwomba asimwambie mwenzake. Niliogopa kusahauliwa ugenini. Nilipenda barua zao za unyenyekevu na kahawa waliyonitumia kwa kushindana. Na wewe uliyerudi hapo baada ya kufiwa na mumeo, ukamwuguza mama na kuitunza migomba ile, kila mmoja wao amekwambia ufungashe virago. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Kihamba ni chako. Watasema mwanamke harithi. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, baba aliniachia neno la mwisho, na neno ndilo hili. Balozi wa nyumba kumi nimemwandikia pia.

Utashangaa: masale huuzwa hapa kwenye vyungu, Waingereza huyapambia sebule. Marita alininunulia, nikakata majani mawili na kuyafunga fundo kama baba alivyofanya alipotaka suluhu. Yatafika yamekauka, lakini isale ni isale. Mpe Yona moja na Gideoni moja mbele ya balozi, useme naomba msamaha kwa kuwachonganisha. Wakinikasirikia ni haki yao. Kwa mila yetu, kulikataa jani la msamaha hawathubutu.

Moyo unapiga kwa nguvu ninapoandika, na kwa mara ya kwanza siulaumu ugonjwa. Najiona kijana aliyefaulu mtihani.

Nisalimie mke wa Yona, ambaye hakukunyima chumvi hata mumewe alipomkataza kusema nawe. Msalimie balozi, mwanafunzi wangu mtoro kupita wote. Mwambie safari hii nataka ahudhurie. Marita anakuamkia, shangazi yake.

Uliniandikia kwamba uzio wa upande wa mfereji umelala, unangoja wanaume wakubaliane. Usingoje. Usimamishe kesho, na ukitaka lango, weka lango.

Kaka yako akupendaye,
Elia