Ninayejibu kwa Jina Lake

Jumatatu, 3 Februari

Saa tatu nzima kwa sentensi mbili. Mwenyewe — ofisini sote tunamwita hivyo, mashabiki wanamwita Dada Nyota — alinitumia sauti huku anapakwa rangi ya kucha. Kwamba mwaka jana aliacha vile vidonge vya kupunguza unene, vilikuwa vinamnyima usingizi, akaanza kutembea na kunywa maji, sasa yu mzima. Basi. Mimi nikageuza hayo kuwa maneno ya ukurasa wake, kama ninavyofanya kila siku, mwaka wa nne huu.

Meneja akasoma, akakunja uso. Toa hayo ya unene, Mwenyewe hajawahi kuwa mnene. Nikamuuliza, sasa vidonge vitakuwa vya nini? Akasema vidonge ni vidonge, watu wana haraka.

Nikatoa. Ikabaki: "Nilitupa vidonge vyote, nikaanza kujisikiliza. Mwili unajijua." Hayo ya mwisho ni yangu, hakuyasema yeye. Nikajisifu kimoyomoyo. Kufikia saa kumi watu laki mbili walikuwa wameyapenda, nami niko kwenye ngazi za nyuma natafuna mkate mkavu.

Jumapili, 9 Februari

Sina la kufanya. Nimekaa mbele ya beseni la nguo tangu asubuhi. Povu limekwisha, maji yamepoa, mimi bado nimekaa tu. Nawaza mawazo ya bure.

Nilijiuliza napenda rangi gani. Likaja jibu: zambarau. Halafu nikakumbuka zambarau ni ya Mwenyewe, nilimchagulia mimi, meneja alitaka rangi moja watu waikumbuke. Chakula je? Supu ya maboga. Yake pia! Sijui nilimpa vyangu au nimechukua vyake. Naweza kuandika kurasa kumi kuhusu kujitambua na wanawake wakalia machozi. Mimi nikiambiwa nijitambulishe, natoa jina na mtaa ninaokaa, naishia hapo. Inanisikitisha, wala sijui nimlilie nani.

Msusi wa mlango wa pili alipita, akanichungulia. Dada, acha kuwaza sana, mwili unajijua. Kasema kwa kujiamini kabisa, kama kitu alichofundishwa na bibi yake. Nikamwitikia tu.

Jumatano, 19 Februari

Nimempigia mama. Kiatu kipya kimemchubua kidole gumba cha mguu. Kitu kidogo, anasema, ameosha kwa maji ya chumvi. Na sukari? Salama salimini. Alijibu haraka mno.

Lakini mimi na mama tunafichana siku nyingi, tangu nilipokataa kujifunza kushona ili nirithi cherehani yake. Anajua nachapa barua kwenye ofisi fulani. Ofisini nilitia sahihi karatasi kwamba sitamwambia mtu kazi yangu, hata mzazi. Hivyo maongezi yetu ni ya hali ya hewa na dawa: umekunywa, hujanywa. Nikakata simu. Kazi zilikuwa zimenizidi.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha kuchana kurasa mbili. Nitaandika hivyo hivyo.

Meseji za mashabiki nazijibu mimi peke yangu, mia mbili, mia tatu kwa siku. Nina majibu kumi na mawili yaliyokwisha kuandikwa, nabandika linalofaa, naendelea. Leo saa tano nikakutana na mtu ambaye hakuweka sura yake, kaweka picha ya cherehani iliyofunikwa kitambaa cha maua. Nikakijua kitambaa. Nilikipiga pindo mimi nikiwa darasa la sita, upande mmoja umeenda kombo.

"Mwanangu Dada Nyota, mimi ni mama mtu mzima, nina sukari mwaka wa tisa. Uliposema umetupa vidonge nami nikatupa vyangu chooni. Wiki ya nne hii. Kidonda cha kidole hakifungi, kimeanza kunuka. Binti yangu sijamwambia, yeye akiongea ni kama anasoma tangazo. Nakuuliza wewe, niendelee?"

Nikapandisha juu kuona meseji zake za nyuma. Alikwisha kuandika mara tatu kabla ya leo. Mara tatu zote alijibiwa: "Asante mpendwa, endelea kujisikiliza, tuko pamoja." Hilo ni jibu namba saba. Nilimbandikia mimi, bila kusoma alichoandika, bila kuangalia hata picha.

Nilienda chooni nikalia mpaka meneja akagonga mlango.

Jumanne, 4 Machi

Jana nikitoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Mguu uko juu ya stuli, umefungwa kipande cha kanga. Nikamwambia twende hospitali, na dawa arudie leo leo. Nani kakwambia nimeacha? Nikababaika. Nikasema harufu. Akasema wewe kila siku ni amri, ukija hapa ni kunikagua, huna hata siku moja uliyokaa ukanisikiliza, afadhali Dada Nyota kwenye simu. Nikamwambia yule wa kwenye simu hamjui wala hamwoni. Akajibu taratibu: yule ananijibu.

Sikulala vizuri. Leo nilipofika tu ofisini nikaandika, kwa jina la Mwenyewe:

"Mama yangu, nisamehe. Vidonge nilivyotupa mimi vilikuwa vya kupunguza unene, si vya ugonjwa. Nilikosea kutosema. Maneno yangu yamekuumiza na ninaumia. Nakuomba urudie dawa zako leo, na huo mguu auone daktari leo. Mwite binti yako akupeleke. Huenda hajui kuongea, ila nadhani anakupenda."

Sijapata kuandika kitu cha kweli namna hiyo kwenye ukurasa ule.

Haikupita nusu saa, simu yangu ikalia. Njoo unipeleke.

Kwenye teksi alinisomea ile meseji neno kwa neno, kidole kinafuata mstari. Akafuta macho. Huyu mtoto kalelewa, akasema, laiti na wewe ungekuwa unaongea na mimi hivi. Nikasema ndiyo, mama. Nikageukia dirishani.

Ijumaa, 7 Machi

Amelazwa. Sukari ilikuwa juu sana. Daktari anasema kidole kimeshaoza, watajaribu sindano kwanza.

Mama amekuwa maarufu wodini. Kila anayepita anaonyeshwa meseji ya Dada Nyota. Juzi aliipiga picha akaituma kwa mafundi wenzake wa zamani. Wao wakaituma mbele. Kufikia jana asubuhi mji mzima unajua Mwenyewe alikuwa anameza vidonge vya unene.

Meneja hakupandisha hata sauti. Aliuliza nani alikutuma. Nikasema ni mama yangu yule, yuko hospitali. Akasema pole. Halafu akasema kabidhi simu ya kazi. Kabla sijainuka kitini walikuwa wamekwisha kubadilisha nywila za ukurasa.

Jumatatu, 10 Machi

Ukurasa umetoa tamko. Meseji ile ni ya kughushi, Mwenyewe hajawahi kumeza kidonge chochote maishani. Aliyeandika ni mgeni, hata nukta hajui pa kuziweka. Chini yake watu maelfu wanampa pole. Jirani yangu msusi naye kampa pole.

Mama hajayumba. Wanamwonea, anasema, ile aliandika mwenyewe, mimi najua mtu akiniandikia kwa moyo. Nimekaa kwenye kiti cha wageni nawaza. Tunampa mtu masikio yetu kwa sababu sura yake tunaiona kila siku, na anayelala chumba cha pili tunamwona kero. Lakini nami nisijitie ujuzi. Mama aliandika mara nne mpaka nikamsoma mara moja.

Amemwandikia tena Dada Nyota. Sindano hazisaidii, madaktari wanataja kukata. Nikate? Ameuliza hivyo tu, akaweka simu kifuani. Anaitazama kila dakika. Mimi ndiye ninayejua kwamba hakuna atakayemjibu.

Alhamisi, 13 Machi

Niko kwenye benchi la korido. Naandikia magotini.

Asubuhi daktari alikuja na fomu. Weusi umefika katikati ya unyayo. Wakikata leo atabaki na kisigino, atatembea. Wakingoja Jumamosi, watakata chini ya goti, na hapo hana hakika kama moyo utahimili. Mama akamsikiliza kwa adabu. Akasema: nasubiri jibu la mwanangu. Daktari akanigeukia. Mama akasema si huyo.

Daktari alipotoka nikavuta kiti. Nikamwambia. Yote — ofisi, karatasi niliyotia sahihi, vidonge vya unene. Kwamba aliyemwandikia ni mimi. Akacheka kidogo, kwa huruma. Umesoma kwenye simu yangu nikiwa nimelala. Basi nikaanza kuisema ile meseji kwa kichwa, tangu "nisamehe" mpaka mwisho. Nikamwambia kitu ambacho hakimo humo: kwamba nilitaka kuandika "ninakupenda" nikaogopa, nikaweka "nadhani anakupenda".

Akatazama mikono yangu muda mrefu, mikono hii aliyoishika kunifundisha pindo. Nikaona ameamini. Nikafurahi, nakiri. Nilifurahi kama mjinga.

Halafu akauliza, sauti ndogo: kwa hiyo na zile tatu za mwanzo, za kuniambia niendelee, ni wewe?

Muuguzi akaingia kubadilisha bendeji, akanitoa nje. Kwa hiyo sijajibu. Nikikataa, atarudi kumsubiri Dada Nyota na mguu utaendelea kuoza. Nikikubali, mama atie sahihi kwa neno langu, mimi niliyemfikisha hapa? Nimejaribu kutafuta maneno. Yanayokuja yote ni ya ukurasani. Mpendwa. Tuko pamoja.

Saa sita kasoro. Mlango umefunguliwa. Muuguzi anasema fomu bado haina sahihi, na mama anauliza niko wapi.